Mwaka Niliomkimbia Leonsi

Habari za kifo cha Leonsi zilinikuta kwa kinyozi, kichwa kikiwa nusu kimenyolewa. Simu ililia, nikapokea, sauti ya mwanamke ikasema, "Kaka Gaudensi, ni Agnes hapa, mdogo wake Leonsi. Kaka ametutoka. Tunazika kesho, huku Msanzi." Nikampa pole, nikamwambia nitakuja, nikakata simu. Jambo la kwanza nililolihisi, Mungu anisamehe, halikuwa huzuni. Nilihisi nimetuliwa mzigo. Nilishusha pumzi ndefu mpaka yule kinyozi akazima mashine na kuniuliza kama amenikata. Zaidi ya miaka arobaini nilikuwa nimeishi nikimwogopa mtu mmoja, na sasa mtu huyo hayupo. Huzuni ilikuja baadaye, njiani kwenda Msanzi, na ilipokuja ilinikalia vibaya kweli.

Habari za baba na mama, nani alimzaa nani na shule gani nilisoma, nitaziacha. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule ambao watu walikuwa wakihamishiwa vijijini na kila mtu akiitwa ndugu, nami nikiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mwendesha mashine ya kusaga pale Mazwi, mjini Sumbawanga. Nyuma ya mashine kulikuwa na chumba cha Leonsi. Leonsi alikuwa fundi baiskeli, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, na sijapata kuona mtu mkarimu kama yule. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha kamba, magurudumu yaliyotundikwa ukutani, dirisha la ubao, na unga wa mashine uliopenya kila mahali hata ukilamba mdomo unausikia. Juu ya kreti kulikuwa na redio, ambayo haikusema kitu mpaka uipige kofi ubavuni. Agnes, aliyekuwa msichana wakati ule, alikuwa akituletea ugali wa ulezi na maharage, anaweka sinia mlangoni na kuondoka bila kututazama. Tulikuwa watatu: Leonsi, mimi, na Ambakisye, karani wa ofisi moja ya serikali, kijana wa Mbeya, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Tulivuta bangi kila siku. Mwanzoni ilikuwa Jumamosi tu, baada ya kazi, halafu ikawa kila jioni, na mwishowe mimi nilikuwa siwezi kuwasha mashine asubuhi kabla sijapitia kwa Leonsi kuvuta nusu msokoto. Akina mama waliopanga foleni ya kusaga walikuwa wakituzungumza upande wa pili wa ukuta kana kwamba ukuta hauna masikio. Siku moja nilimsikia mmoja akisema, "Huyu wa mashine naye wameshammaliza." Nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile mwili unanisisimka.

Aliyetangulia kuharibika ni Ambakisye. Alianza kwa kutolala, halafu akawa anatuambia kwamba msomaji wa habari redioni anamtaja jina. Tunakaa, saa mbili usiku inafika, habari zinasomwa, naye anainua kidole. "Mmesikia? Amenitaja tena." Sisi tunaanguka kwa kucheka, tunampiga mgongoni, tunamwambia basi amekuwa waziri. Yeye hachekeshwi. Siku moja mchana kweupe alipanda juu ya meza ofisini kwao, akavua nguo moja moja, akazikunja vizuri na kuziweka kwenye majalada kwa mpangilio. Watu walisema karogwa, maana huku kwetu hilo ndilo jibu la kila kitu. Kaka zake wawili walikuja kutoka Mbeya. Nilisimama mlangoni pa mashine nikawaona wakimpandisha kwenye lori, mikono imefungwa kamba ya katani, naye akinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulionana wapi. Sikumwona tena. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimekaa chumbani kwa Leonsi, sinia ya ugali mbele yangu, habari zikisomwa, mavuno ya pamba, mgeni wa taifa, na katikati ya sentensi msomaji akasema, kwa sauti yake ile ile tulivu, Gaudensi. Nilimtazama Leonsi. Alikuwa anamenya kitunguu. Hakusikia kitu. Niliendelea kutafuna tonge ambalo halikushuka, nikijiambia nimesikia vibaya, na kabla habari hazijaisha msomaji akanitaja mara ya pili.

Nawaambia ukweli, sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baada. Simba ungemkimbia, askari ungejificha. Mimi kilichokuwa kinanitisha kilikuwa ndani ya fuvu langu, nacho kilikuwa kinajua jina langu. Kesho yake sikuwasha mashine. Nilitembea kwa miguu mpaka Kasense, kwa shangazi yangu Yasinta, mjane, ambaye nilimkuta barazani anachambua maharage. Nikamwambia shikamoo, nikakaa chini, na nikaeleza yote, hata habari za redio. Hakuacha kuchambua. Mwisho akasema, "Hiyo bangi haina miguu. Haiwezi kutoka Mazwi ikakufuata hapa."

"Nitaacha, shangazi. Nakuapia."

"Sijakuomba kuapa. Umeapa mara ngapi tangu Krismasi tu? Nakwambia uache watu. Hutarudi Mazwi. Sio kwa kusaga, sio kwa kanisa, sio kwa kuchukua shati. Shati nitakushonea."

"Na Leonsi je? Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

Hapo ndipo ubaridi uliponiingia, maana bangi haikuwa na miguu lakini Leonsi alikuwa nayo, na alikuwa na baiskeli. Na kulikuwa na jambo moja sikumwambia shangazi. Ndani ya bitana ya koti langu kulikuwa na kifurushi cha Leonsi, majani makavu ya kama kilo nzima. Mgambo walikuwa wakipekua vyumba mjini tangu mambo ya Ambakisye, Leonsi akanipa nimfichie. "Wewe una sura ya kanisani," aliniambia, "hawatakupekua." Mtu mwenye akili angekitupa chooni siku ile ile. Nilijiambia siwezi, ni mali ya mtu. Huo ulikuwa uongo. Niliogopa kuvuta, na niliogopa zaidi kukaa siku moja nikijua kwamba hakuna.

Ilikuwa msimu wa kulima matuta. Anayeijua Ufipa anayajua matuta yetu ya duara, intumba, na asiyeyajua nitamweleza kwa ufupi. Mvua ikiwa bado inanyesha na nyasi zimefika magotini, unakata udongo pamoja na nyasi zake, unaupindua, unaupanga mduara, nyasi zote zinaingia ndani, kisha unafunika kwa udongo mpaka tuta linakufika kiunoni. Juu unapanda maharage. Ndani nyasi zinaoza taratibu mwaka mzima, na mvua za mwaka unaofuata zikianza unalipasua, unasambaza ule udongo mweusi, unapanda ulezi. Vijana wa kiume wa Kasense walikuwa na vikundi vyao, lakini shangazi hakutaka nisikie harufu ya kijana yeyote. Aliniingiza kwenye kikundi cha akina mama tisa, kiongozi wao Mama Verdiana, mwanamke mrefu mkavu, mnusa ugoro, ambaye alinipa jembe na kuniambia kwa Kifipa kwamba nimekuwa mwali wao wa kumi. Wote walicheka. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nyasi zote chini," alikuwa akitufokea. "Ukiacha jani nje, litaota. Lifukie lote lioze."

Maneno hayo yakaniingia kichwani. Siku ya tatu, mvua ya manyunyu, wenzangu wamekwenda kula viazi kwenye kibanda, nilibaki nyuma nikajifanya namalizia tuta. Nilikuwa nimekiviringisha kile kifurushi kwenye nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, mara tatu, nikakifunga kwa kamba. Nikakiweka katikati ya nyasi, nikafunika, nikashindilia kwa kiganja. Nilijiambia nimekifukia kioze. Lilikuwa tuta la tano kutoka mti wa mlingoti, yaani mkaratusi, mstari wa pili. Niliondoka pale nikijiona nimeokoka, na kwa siku kadhaa niliamini hivyo.

Miezi iliyofuata niliishi kwa masikio. Leonsi alikuwa ameifungia baiskeli yake kengele mbili kwa mbwembwe, moja inalia juu, nyingine chini, na kila baiskeli iliyopita barabara ya Kasense nilikuwa nahesabu kengele. Siku moja nilisikia mbili. Nilitupa kikombe cha uji nikaingia kwenye kihenge cha mahindi cha shangazi, nikakaa humo nimejikunyata, vumbi puani, moyo unadunda mpaka nikadhani mahindi yanatikisika. Kumbe ni bwana mifugo anapita, na mwenzake nyuma yake, kila mtu na kengele yake. Shangazi alinifungulia, kisha akaenda kuwaambia wenzangu, na kwa mwezi mzima wale akina mama walikuwa wakinisalimia, "Panya wa kihenge, umeamkaje?" Nilivumilia. Nilianza hata kuwapenda. Tukimaliza shamba la mtu tunapewa pombe ya ulezi, wao wanavuta kwa mirija kwenye chungu kimoja, mimi napewa togwa kwa kikombe, kwa sababu Mama Verdiana alikuwa ameamua, bila mtu kumwambia, kwamba mimi sinywi. Nikikaa pale nasikia magonjwa ya miguu, wakwe wabaya, mwenyekiti wa kijiji aliyekuja kuhesabu nani hakufika shamba la ujamaa na akahesabu hata mbuzi. Yalikuwa mazungumzo ya wazee, mimi kijana wa miaka ishirini na mbili. Usidhani ilikuwa rahisi. Nilikuwa namkumbuka Leonsi kila siku ya Mungu, sauti yake, utani wake, jinsi alivyokuwa anakata nyama akikupa kipande kikubwa bila kukuangalia. Nilimwogopa nikimkumbuka.

Alikuja mwezi wa saba, saa sita mchana, upepo ule wa Ufipa unaokata masikio. Hakupiga kengele hata moja. Niliinua kichwa kutoka kwenye maharage niliyokuwa napura nikamwona amesimama uani, ameshika baiskeli, amekonda. Kwenye keria alikuwa amefunga redio kwa mpira wa baiskeli.

"Gau," alisema. "Miezi mitano, bwana. Nilidhani umekufa."

"Nipo."

"Nimekuletea redio. Huku hamna redio, utakaaje? Nimeitengeneza, siku hizi huipigi sana."

Alianza kuifungua. Nilimwambia aiache hapo hapo ilipo, na sauti iliyonitoka haikuwa yangu. Akasimama, ameshika ule mpira.

"Kile kifurushi kiko wapi?" akauliza, polepole.

"Nilikitupa chooni."

Akacheka kidogo. "Hujui kudanganya, wewe. Hujapata kujua." Akanitazama kitambo. Sijui aliona nini, mikono yangu labda, maana nilikuwa nimeshika ule mti wa kupuria mbele yangu kama mtu anayezuia ng'ombe. "Gau. Unaniogopa?"

"Ndiyo."

"Mimi? Mimi niliyekufundisha baiskeli?"

"Wewe."

 Aliukaza ule mpira juu ya redio, mara mbili, kwa uangalifu wa fundi, akageuza baiskeli na kuondoka akiisukuma. Hakupanda. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya zahanati, na sikumwita. Shangazi alikuwa nyuma ya mlango muda wote.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Basi ingia, kuna baridi."

Wiki ile ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Kumfukuza mtu anayekupenda ni kazi inayochosha, na uchovu wangu mimi nilikuwa naijua dawa yake. Siku ya nne nilijikuta shambani peke yangu. Sikukumbuka kutembea. Maharage yalikuwa yameshang'olewa, matuta yamebaki matupu, nami nimepiga magoti mbele ya lile la tano kutoka mlingoti, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto, joto la kitu kinachooza. Vidole vyangu viligusa nailoni. Ilikuwa laini, nzima, haikuwa na tundu. Hapo ndipo nilipojua nilichokifanya mwezi ule wa mvua. Nilikuwa nimeiweka akiba.

"Gaudensi. Unatafuta nini humo?"

Mama Verdiana alikuwa amesimama mstari wa nne na mzigo wa mabua ya maharage kichwani. Nilisema kitu cha kwanza kilichokuja mdomoni. "Panya, mama. Nadhani kuna panya ameingia."

Alinitazama. "Basi mwache panya alale," akasema. "Njoo unitue mzigo." Nikautoa mkono. Nilimtua ule mzigo, nikaubeba mwenyewe mpaka kwake, na njia nzima alinieleza habari za meno yake.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na mbili na tukaingia kupasua matuta. Kazi hii hufanywa kwa mstari, kila mtu na safu yake, bega kwa bega, mwendo mmoja. Nilihesabu tangu asubuhi, nikajipanga safu ya pili, nikasukumana na Mama Filipina mpaka akaniita mkorofi, ili nilifikie mwenyewe. Nilipanga kulipasua upesi, kukikanyaga kifurushi kwenye matope, na kurudi kukichukua baadaye. Nasema baadaye kwa sababu nawaandikia ukweli. Nilipiga jembe. Tuta lote lilifunguka jeusi, tamu kwa harufu, nyasi zimegeuka udongo kabisa, hujui lipi lilikuwa jani na lipi mzizi, na katikati yake, imenona, inang'aa kwa maji ya mvua, ile nailoni. Safu yote ikasimama, maana ukikwama mmoja wanakwama wote. Wanawake tisa wakaangalia chini.  Niliona mgambo, niliona lori, niliona kamba ya katani.

Mama Verdiana alikuja, akainama, akakiokota, akakinusa. Mnusa ugoro yule, asingekosea.

"Kumbe panya wako ni huyu," alisema.

"Ni bangi, mama. Ni yangu."

"Nimeuliza ni nini? Nina pua." Alikuwa amekasirika kweli, lakini si kwa namna niliyotegemea. Aliinua ile nailoni akaitikisa mbele ya uso wangu. "Nani amekufundisha kuweka nailoni ndani ya tuta? Mwaka mzima tunalima na wewe. Nailoni inaoza? Umempa huyu nyumba, akalala pakavu, wenzake wote wamekuwa udongo. Toa."

Sikuelewa. Akanitupia kifuani. "Toa nailoni. Changanya."

Nilipiga magoti kwenye matope. Kamba ilikataa kufunguka, nikaikata kwa meno, na ile harufu ilinipanda kichwani, mate yakanijaa mdomoni, nikaanza kulia, mtu mzima, mbele ya mama zangu tisa. Niliyachota majani kwa mikono miwili nikayavuruga na udongo, nikayakanyaga, nikayavuruga tena, na Mama Verdiana amesimama juu yangu anasema bado, bado, bado, mpaka mvua ikaongezeka na sikuweza tena kuyatofautisha. Ndipo akapenga kamasi na kusema, "Haya, twendeni, mvua haitungoji." Safu ikaendelea. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyelipeleka neno lile kwa balozi wala kwa padri. Ulezi wa safu ile mwaka uliofuata ulitoka mzuri kuliko wote, na mimi sikuula. Niliogopa hata ugali wake.

Toka siku ile sijavuta tena. Nimeishi na watu wale wale, wengi wao nimewazika kwa mikono yangu. Watu husema nilikuwa na moyo mgumu. Sikuwa na moyo wowote, nilikuwa na hofu, na niliitunza vizuri kuliko nilivyotunza kitu kingine maishani. Sisikilizi taarifa ya habari. Watoto wangu wanajua, muziki wa habari ukianza baba anatoka nje. Na Leonsi nilimkwepa. Mara moja tulikaribia kugongana sokoni Sumbawanga, wote tumeshaota mvi, akainua mkono. Niliingia duka lililokuwa karibu nikanunua kufuli nisilolihitaji, nikasubiri humo mpaka apite. Kufuli lile bado ninalo.

Tulipomaliza kuzika, Agnes alinishika mkono akaniingiza chumbani kwa marehemu, nikale. Ni mama mzee sasa, lakini bado aliweka sinia bila kunitazama. Ugali wa ulezi, maharage. Ukutani magurudumu mawili. Niliuliza, kwa sababu ilibidi niulize, "Aliacha lini?"

"Bangi? Zamani hizo. Alipotoka kwako Kasense siku ile alikaa kitandani siku tatu. Akaniambia, Agnes, kuna mtu ananiogopa. Akahamia huku Msanzi, pasipo na mtu anayemjua. Hakuacha siku moja, alianguka, akainuka, akaanguka. Miaka minne hivi. Halafu ikaisha."

Nilipiga hesabu. Ile siku ya kufuli alikuwa mzima, ameshaacha kwa miaka mingi kuliko umri wa mwanangu wa kwanza. Mtu niliyemkimbia hakuwepo tena, nami nilikuwa naendelea kumkimbia.

"Na alipougua, kwa nini hamkuniita?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Tulitaka. Akakataa. Alisema, msimwite Gau, ataogopa. Mwacheni."

Nilitaka kumwambia si kweli. Tonge lilikuwa mkononi, likapoa. Ilikuwa kweli, na aliyeijua kuliko wote tumemfukia mchana ule. Nilimwambia Agnes, "Ni kweli, ningeogopa."

Vijana wa nyumbani waliingia kukaa nasi, kama inavyofanywa msibani, ili mgeni asile peke yake. Mmoja alinyoosha mkono juu ya kabati, kwenye redio kuukuu iliyofungwa mpira wa baiskeli, akaipiga kofi ubavuni. Ulikuwa wakati wa habari. Muziki ulianza. Magoti yangu yalishajikunja kusimama, kwa mazoea, nikayazuia kwa mikono. Nilikaa. Jasho lilinitoka katika baridi ile ya Msanzi, na msomaji alisoma yote, ya serikali, ya nchi za nje, ya michezo, mpaka hali ya hewa. Hakunitaja.